Upande wa Benchi Usiopoa

Mbele ya duka la Osang, kando ya njia itokayo makaburini, kuna benchi la mti wa mnazi ambalo upande wake mmoja haupoi. Mvua inyeshe kutwa, upande wa pili ulowe na kuota kuvu, ule ulio karibu na mlango utaukuta na joto, kama kiti alichoinuka mtu sasa hivi. Wapo waliosema ni jiko la Osang nyuma ya ukuta. Osang akalihamisha jiko. Wapo waliosema ni jua. Msimu wa mvua huku kisiwani Samar, habari za jua tunazisikia kwa wasafiri tu. Mara nyingi nimekaa pale na kahawa yangu, nimeweka kiganja, nimewaza, na jibu sijalipata. Nilicho nacho ni habari ya Delfina.

Siku aliyozikwa mwanawe Analyn ilikuwa siku nzuri, na hilo lilimuuma Delfina kuliko maneno yote ya pole. Kuku walichakura, majirani walianika nguo, mtu alikuwa anapasua nazi. Analyn alikuwa na miaka sita. Homa ilimpanda na haikushuka tena. Mpaka pumzi ya mwisho, kumshika mkono ilikuwa kama kushika kikombe cha chai.

Kabla ya maziko, matanga yaliwekwa kwa mama mkwe, Bi Consorcia, kwa kuwa nyumba ya Delfina ni chumba kimoja mwisho wa shamba la minazi, na humo alikuwamo Mayette, mtoto wake mdogo, ambaye hata kusema sawasawa alikuwa bado anajifunza. Watu walikesha kama ilivyo desturi, wakacheza karata karibu na jeneza, wakanywa kahawa. Hakuna aliyeaga, hakuna aliyesindikizwa. Na kila aliyetoka pale alipita kwanza mahali pengine kabla ya kwenda kwake.

Kwetu hilo halina mjadala. Ukitoka kwenye maiti ukaenda nyumbani moja kwa moja, maiti anakufuata. Kwa hiyo unapita dukani, unakaa, unakunywa kitu, unajikung'uta. Yule anayekufuata anabaki akishangaashangaa pale, nawe unakwenda zako.

"Wenzangu wanatajirika kwa mchele," Osang hupenda kusema. "Mimi natajirika kwa woga wenu."

Siku ya maziko, kwenye lango la makaburi paliwekwa sufuria ya maji ya majani ya mpera, na moto mdogo wa kufukiza moshi. Watu wakanawa, wakauruka moshi. Wifi yake Delfina alimgusa bega.

"Nawa mikono, Fina."

"Nanawa."

Hakunawa. Alirudi nyuma ya watu, akapenya kwenye uzio uliolala, akashika njia ya minazini inayokwenda nyumbani kwake bila kupita popote. Alipokuwa peke yake alisema polepole, kama anayemwamsha mtoto, "Analyn. Twende nyumbani, mama."

Hakusikia hatua. Kwetu maiti huzikwa bila viatu, ili hatua zake zisisikike ndani ya nyumba za walio hai. Alichohisi ni joto kwenye vidole vyake viwili, cha shahada na cha kati. Ndivyo Analyn alivyozoea kumshika njiani.

Alipofika alifungua mlango, akasimama kando, akaacha nafasi ya mtu mdogo kupita.

Siku zilizofuata Delfina alikuwa na furaha, na furaha ile ndiyo iliyowatisha watu kwanza. Mkeka wa watoto, upande wa Analyn, ulikuwa na joto kila asubuhi. Mayette alikuwa akicheka peke yake nyuma ya tanuri la kukaushia mbata, kicheko cha mtoto anayetekenywa. Mezani Delfina alipanga sahani nne.

"Hiyo ya nani?" mumewe, Isidro, aliuliza.

"Kula, Isidro."

Akala. Naye alikuwa amefiwa. Hakuwa na nguvu ya kugombana na sahani.

Kisha Mayette akaanza kugawa samaki wake nusu kwa nusu. Kisha akawa hamalizi hata hiyo nusu. Kisha akawa hataki kula kabisa. Zahanati walimpima damu, hawakuona kitu, wakampa dawa ya maji. Mtoto akashinda amelala, mkono mmoja umeinuliwa kidogo juu ya mkeka, vidole vimekunjwa.

Delfina alipiga magoti. "Nani kakushika mkono?"

"Dada."

"Anasemaje?"

"Kule giza. Twende wote."

"Na wewe umemwambia nini?"

"Nivae viatu kwanza."

Delfina akamgusa paji la uso. Moto. Moto ule ule, anaoujua. Akageuka kutazama mlangoni. Viatu vya Mayette vilikuwa kizingitini, kimoja kando ya kingine, vimeelekea nje. Hakuna mtu mzima aliyeviweka pale.

Mtoto alinong'ona tena, macho yamefumbwa.

"Dada anasema kule hawavai viatu."

Bi Consorcia alipoitwa, alimtazama mjukuu wake, akautazama ule mkono ulioinuliwa, akatoka nje kukaa kwenye ngazi. Delfina akamfuata. Isidro alikuwa amesimama chini, panga la kufulia nazi mkononi, amesahau kuliweka.

"Fina. Siku ya maziko ulikunywa nini kwa Osang?"

Delfina alivitazama viatu pale kizingitini.

"Mwanangu, nakuuliza."

"Sikupita, mama. Nilikuja moja kwa moja. Nilimwita."

Isidro alifumba macho. Bi Consorcia hakumfokea. Alichezea pindo la sketi yake.

"Nilipomzika baba yake huyu," alisema, akimwonyesha Isidro kwa kidevu, "nilisimama njia panda mpaka miguu ikafa ganzi. Huku kwa Osang, huku nyumbani. Na yule mzee alikuwa mlevi, anakoroma kama jenereta. Bado nilitaka anifuate." Akashusha pumzi. "Analyn anataka mwenzake tu. Ni mtoto, hajui kwamba anaua."

"Nitampeleka mimi," Isidro alisema.

"Wewe hakukufuata."

Ndipo shauri likakatwa. Delfina atoke naye, jua likiwa bado lipo. Ampeleke kwa Osang, amkalishe, ampe anachokipenda, anywe ile kahawa aliyokwepa, ajikung'ute, aondoke. Asigeuke.

"Nikigeuka?"

"Atainuka."

"Nimwambie nini, mama?"

"Kile kitakachomfanya akae," alisema Bi Consorcia.

Delfina aliingia ndani, akainama kwenye mkeka. "Analyn. Twende dukani."

Mkono wa Mayette ukaanguka kwenye mkeka.

Vidole viwili vya Delfina vikapata joto.

Njia nzima hakusema kitu. Minazi ilikuwa imetulia. Alitembea taratibu, kwa hatua ndogo, kama mtu anayeongozana na mtoto, na waliompita njiani waliinamisha macho.

Osang alikuwa na mzaha mdomoni. Alipoona jinsi Delfina alivyoushika ule mkono mbali kidogo na mwili, akaumeza mzaha wake. Akatoa ndizi ya kukaanga yenye sukari, imechomekwa kwenye kijiti, na kikombe cha kahawa. Delfina akakaa. Ndizi akaiweka kando yake, upande wa mlango.

Alikunywa. Aliifanya kahawa ile iwe ndefu. Ilipobaki machicha alikunywa machicha. Kisha akasimama, akakung'uta sketi, na vidole vile viwili vikabanwa.

Vikabanwa sana.

"Kaa hapa ule," Delfina alisema. Sauti yake, Osang anasema, ilikuwa ya kawaida kabisa, sauti ya mama mwenye haraka. "Mama anakuja sasa hivi."

Analyn alikuwa mtoto msikivu. Joto likalegea. Likaachia.

Jioni ile Mayette aliomba wali. Na tangu siku ile, Delfina akiwa na safari ya mjini, huzunguka kupitia shambani, kwenye tope, asipite pale dukani.

Aliyeamua ni Bi Consorcia, lakini aliyemwacha mtoto pale ni Delfina, kwa miguu yake mwenyewe. Osang alimtazama mpaka akapotea kwenye minazi, shingo imekaza, hakugeuka. Halafu akachukua kitambaa, akaenda kufuta benchi. Kijiti kilikuwa kitupu, kimelambwa mpaka kimekuwa cheupe. Osang akaweka kiganja pale kwenye benchi, upande wa mlango.

Akakiondoa.