Divai Nyekundu Haimtaki Samaki

Saa 4:00 asubuhi.

"Kitendawili," Mjomba akasema.

"Tega."

"Nyumba yangu ina panya, ghalani hamna hata punje. Anakula nini?"

Chumba cha nyuma cha duka la matairi kilinuka mpira na jasho la watu wanne wasiotazamana.

"Anakula maneno yetu," Mjomba akajijibu. "Kazi mbili Ulimi katuambia hatari, tukarudi mikono mitupu. Kesho yake wengine wakabeba. Leo ni ya tatu."

Ulimi akanyoosha kola ya koti lake. Alikuwa mwonjaji wa divai kabla hajafukuzwa kazi, na bado alivaa koti la enzi zile. Sinia, dada yake wa tumbo moja, alitazama sakafu.

"Hoteli ina maonjo ya vinywaji leo," Mjomba akaendelea. "Stoo kuna kreti moja ya divai ya miaka mingi. Mtunza stoo habanduki humo mpaka aitwe mezani kuonja. Ulimi, wewe ni mgeni mwalikwa. Ukimwona ameketi, taja samaki. Sinia anahudumia, ataniletea neno. Samaki, naingia. Nyama ni hatari, tunatawanyika. Mimi muuza barafu, nipo jikoni na kitoroli. Breki yuko nyuma na gari."

"Tafuta neno jingine, Mjomba," Ulimi akasema. "Samaki ana divai yake."

"Kwangu divai ni divai. Ulimi wote huo unashindwa kutamka samaki?"

Breki akacheka kwa pua. Breki haongei, ndiyo maana Mjomba alimwamini yeye tu.

Mlangoni Mjomba akamshika Sinia mkono. Chini ya aproni yake ya muuza barafu bastola ilituna.

"Mtunza stoo ameketi, halafu kaka yako aseme nyama? Nitajua panya ni nani. Leo hii hii namzika."

Saa 8:20 mchana.

Divai nyeupe ikapita, na vipande vya samaki. Wageni walinusa, wakasukutua, wakatema kwenye ndoo kama watu wa heshima. Kiti cha mtunza stoo kitupu. Ulimi alimtupia dada yake jicho: bado.

Saa 8:45.

Bia chungu na karanga za chumvi. Kiti kitupu. Sinia alianza kumshuku kila mtu. Yule bwana wa tai, mbona haonji? Yule mwingine, mbona anatazama milango?

Saa 9:10.

Divai nyekundu, nzito kama wino. Ndipo mtunza stoo akaja, akaketi, funguo zikalia kiunoni.

Mama wa miwani aliyeongoza maonjo akamgeukia Ulimi. "Na hii, bwana, ungeila na nini?"

Meza nzima ikamtazama. Sinia akalibana sinia kifuani. Sema, kaka. Neno moja tu.

Ulimi akazungusha glasi. Mdomo ukaanza, "Sa..." Akaitazama ile divai kama mtu aliyeamrishwa amzabe mamake kofi.

"Nyama," akasema. "Ya kuchoma, yenye mafuta. Hii ukiipa samaki, mdomo utaonja msumari."

Wakampigia makofi.

Sinia akageuka na sinia lake. Kaka ameona nini? Au ndiye panya kweli? Hatua ishirini mpaka jikoni. Akisema nyama, kaka ni maiti. Akisema samaki, na hatari ipo, maiti ni Mjomba.

Saa 9:13.

"Neno?" Mjomba akauliza, mkono chini ya aproni.

"Samaki."

Mjomba akasukuma kitoroli, akapotea stoo.

Saa 9:15.

"Chini! Mikono juu ya kichwa!" sauti ikafoka kutoka stoo.

Risasi moja. Glasi zikaanguka, wageni wakajikunyata chini ya meza. Sinia akamkimbilia kaka yake.

"Uliwaona polisi, sivyo?"

"Polisi gani?"

"Si ulisema nyama!"

"Mdogo wangu, divai ile na samaki? Mbele ya watu wale?"

Sinia alitaka kumpiga. Akamshika mkono wa koti badala yake, kwa nguvu, kwa sababu ndani yake mlikuwa na mkono wenye joto.

Mlango wa jikoni ukafunguka. Mjomba alitoka na pingu, damu begani, vipande vya barafu nyweleni. Nyuma yake Breki alitembea mikono mitupu, bega kwa bega na afisa, kama watu waliotoka kunywa chai.

"Breki?" Mjomba akasema. Neno lilimtoka kama mtoto aliyepotea sokoni.

"Huyu ndiye mkubwa wao," Breki akamwambia afisa.

Kidole chake kikahama polepole. Kikapita meza ya bia, kikampita mama wa miwani, kikasimama.

"Na wale pale. Ndugu wawili, wameshikana."