Wakesho na Sahani ya Bati

Kaeni vizuri. Mwenye kamasi apenge. Tunaanza.

Huyu ni Wakesho. Anaishi na mama yake ndani ya hifadhi ya wanyama.

Msishtuke. Hakuna simba humo. Hakuna tembo. Hifadhi hii ni ndogo sana. Ukiingia ukitafuna muwa, utaizunguka yote na muwa bado utakuwa mkononi.

Kuna Karai. Karai ni kobe. Hana haraka na mtu.

Kuna Kiranja. Kiranja ni korongo aliyevunjika bawa. Haruki. Anatembea tu, akiwakagua wenzake.

Kuna kanga. Kanga ni wengi, na wote wanaongea kwa pamoja.

Na kuna Tambi. Tambi ni paa mdogo mwenye miguu myembamba kama tambi. Aliokotwa kando ya reli, akiwa peke yake. Bado ananyonya chupa.

Wakesho anawapenda wote. Lakini anayempenda zaidi ni Tambi, na kila mtu anajua.

Mama yake Wakesho ndiye anayewatunza. Mchana huwafundisha wanafunzi wanaokuja kujifunza habari za wanyama. Jioni huwaita wanyama waje wale.

Hawaiti kwa majina. Kobe hajali jina. Mama huchukua sahani ya bati na kijiko, akagonga.

Ting! Ting! Ting!
Sahani ikilia, chakula kipo.

Kanga huja mbio. Kiranja huja kwa madaha. Karai huja mwisho.

Tambi huja akirukaruka. Hunyonya chupa yake, kisha huingia bandani kulala.

Mama hufunga mlango wa banda kwa sababu usiku fisi hupita, na uzio wetu una matundu. Fisi hana adabu. Akimkuta paa mdogo nje, hamsalimii.

"Sahani hii si ya kuchezea," Mama husema. "Umesikia, Wakesho?"

"Nimesikia, Mama."

Kusema nimesikia ni rahisi.

Siku moja likaja basi la shule. Pii! Pii! Watoto wakashuka wakisukumana.

Mtoto mmoja alikuwa ametapika njiani. Mama na mwalimu wakampeleka bombani kumwosha.

Watoto wengine wakabaki na Wakesho. Jua lilikuwa kali. Wanyama wote walikuwa wamejificha kivulini, kama mtu yeyote mwenye akili.

"Wanyama wako wapi?" akauliza mvulana mmoja. Jina lake Mwadime.

"Wapo," akasema Wakesho. "Tutawatafuta polepole. Hapa mgeni ndiye anayemtafuta mnyama."

Mwadime akatazama kushoto. Akatazama kulia.

"Mimi naona mawe tu," akasema. "Kwa bibi yangu hata mbuzi wapo!"

Watoto wakacheka.

Wakesho aliona uchungu. Masikio yake yakawa moto.

Akaingia jikoni. Akatoka na sahani na kijiko. Chakula hakutoka nacho.

Ting! Ting! Ting!

Kanga wakaja mbio. Kiranja akaja kwa madaha. Tambi akaja akirukaruka.

"Haaa!" wakasema watoto. Hata Mwadime alisema haaa.

Wanyama wakaitazama sahani. Ilikuwa tupu. Wakarudi kivulini.

"Tena!" wakasema watoto.

Ting! Ting! Ting!

Kanga wakaja, lakini kwa kutembea. Kiranja akaja nusu ya njia, akasimama. Karai alikuwa bado anaitikia mwito wa kwanza. Akageuka, akarudi alikotoka.

"Tena! Tena!"

Ting! Ting! Ting!

Safari hii alikuja Tambi peke yake. Akanusa sahani. Akanusa kijiko. Akamtazama Wakesho usoni. Kisha akaondoka.

"Tena!"

Ting! Ting! Ting!

Hakuja mtu. Hakuja hata kanga.

Wakesho akaificha sahani nyuma ya mgongo. Hakuwa na furaha tena, na hakujua furaha imekwenda wapi.

Mama na mwalimu wakarudi na yule mtoto, sasa msafi. Mama akawapeleka watoto jiwe kwa jiwe, wakitembea kwa ncha za vidole. Wakamwona Karai mapumzikoni. Wakajifunza kwamba kobe hatoki ndani ya gamba lake, hata siku moja.

"Hata akienda kuoga?" akauliza Mwadime.

"Hata akienda kuoga," akasema Mama.

Kisha basi likaondoka. Pii! Pii!

Jua likaanza kushuka. Mama akaandaa chakula. Majani ya sukuma wiki ya Karai. Samaki wadogo wa Kiranja. Mtama wa kanga. Chupa ya maziwa ya Tambi.

Akachukua sahani na kijiko.

Ting! Ting! Ting!

Kimya.

Ting! Ting! Ting!

Kimya.

"Kwani leo wana nini hawa?" akasema Mama.

Wakesho akatazama vidole vya miguu yake. Vilikuwa vile vile vya jana.

"Mama," akasema. "Niligonga sahani. Chakula hakikuwepo."

"Mara moja?"

"Watoto walisema tena."

Mama hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Sasa hawaiamini sahani," akasema Mama. "Na jua linazama. Na Tambi yuko nje."

"Fisi atamla?"

"Fisi hupita hapa, Wakesho. Unajua."

Wakesho akalia. Alilia kwa sauti, machozi yakafika kidevuni.

"Twende tumkamate!" akasema.

"Paa hakamatwi kwa kukimbizwa," akasema Mama. "Utakula vumbi, naye atakwenda mbali zaidi."

Wakesho akapangusa uso kwa mkono wa gauni. Akafikiri. Akafikiri tena.

"Mama, tusiwaite," akasema. "Tuwapelekee. Chakula kwanza. Ting baadaye."

Mama akamtazama kidogo.

"Haya," akasema. "Beba ndoo ya chakula na sahani. Mimi nabeba maziwa."

Wakaenda kwenye mwamba. Karai alikuwa chini yake. Wakesho akamwekea majani.

Karai akatafuna. Karu, karu, karu.

Hapo Wakesho akagonga. Ting!

Karai akaendelea kutafuna.

Wakaenda kwenye kidimbwi. Kiranja alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, amenuna. Wakesho akamwekea samaki.

Kiranja akameza. Glup!

Hapo Wakesho akagonga. Ting!

Kiranja akashusha mguu wa pili.

Wakaenda kwa kanga. Wakesho akamwaga mtama. Kanga wakadonoa. Do, do, do, do.

Ting! Kanga wakaanza kuongea tena, wote kwa pamoja. Walikuwa na mengi ya kusema juu ya siku hiyo.

Lakini Tambi? Tambi hakuwa kwenye mwamba. Hakuwa kwenye kidimbwi. Jua lilibaki kipande kidogo, kama kipande cha chungwa.

"Mama, kule!" akanong'ona Wakesho.

Nyuma ya kichaka yalionekana masikio mawili. Yalikuwa yanatetemeka.

Wakesho alitaka kukimbia amkumbatie. Alitaka sana. Hakukimbia.

Aliketi chini. Mama akamimina maziwa kidogo kwenye sahani. Wakesho akaisukuma sahani mbele polepole, mpaka mkono ukaishia.

Kisha akageuza uso pembeni, asimtishe. Kugeuza uso ni kazi ngumu. Jaribu wewe, kama kuna kitu unachokitaka nyuma yako.

Mbali, upande wa pili wa uzio, sauti ikasikika.

Uuu-wip! Uuu-wip!

Fisi. Wakesho akafumba macho. Aliogopa, lakini hakuinuka.

Tk.

Mguu mmoja mwembamba ukakanyaga jani.

Tk. Tk.

Kisha, lapu, lapu, lapu. Mtu alikuwa anakunywa maziwa.

Wakesho akafumbua macho. Akanyoosha kijiko. Akagusa ukingo wa sahani taratibu kabisa.

Ting.

Tambi akainua kichwa. Akamtazama Wakesho. Maziwa yalikuwa yanadondoka kwenye kidevu chake.

Wakesho hakupumua.

Tambi akainamisha kichwa. Lapu, lapu, lapu.

"Taratibu sasa," akanong'ona Mama.

Wakesho akainuka na sahani. Mama akashika chupa. Wakasogea kidogo, wakasimama.

Ting! Tambi akaja, akapewa chupa, akanyonya kidogo.

Wakasogea tena. Ting! Akaja, akanyonya.

Wakapita kidimbwi. Ting! Wakapita mwamba. Ting! Kila sahani ilipolia, maziwa yalikuwepo.

Walifika bandani giza likiingia. Tambi akaingia. Wakesho akaingia naye. Mama akavuta mlango.

Kriii. Kom!

Nje, fisi akapita. Uuu-wip! Akanusa uzio, akaenda zake na njaa yake. Hiyo si shida yetu.

Ndani ya banda, Tambi alimaliza chupa yote.

"Maziwa yameisha," Wakesho akamwambia. "Sina kitu kingine."

Akamwonyesha mikono yake. Ilikuwa mitupu, mkono wa kulia na mkono wa kushoto.

Tambi akaunusa mkono wa kulia. Akaunusa mkono wa kushoto.

Kisha akakunja miguu yake myembamba, akalala palepale, ubavu kwa ubavu na Wakesho.

Wakesho alifurahi mpaka akaogopa kucheka, asije akamwamsha.

"Wakesho," akaita Mama mlangoni baada ya muda. "Njoo ule, ukalale."

Hakujibiwa. Mama akachungulia.

Wakesho alikuwa amelala fofofo, na majani makavu yamejaa kwenye nywele zake. Mama akambeba mpaka kitandani, akamfunika, akazima taa.