Mapigo Mawili Yaliyokatwa

Mama Restuta alifungua mlango wa chumba cha kwaya Jumamosi, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, ufagio mkononi, kwa sababu mvua ya jana yake ilikuwa imeingiza maji kupitia dirisha la nyuma. Hakufagia. Mwalimu Hermenegildi alikuwa amelala kifudifudi kati ya meza na kinanda, mkono mmoja chini ya kifua, na maji yaliyotuama sakafuni yalikuwa na wekundu uliofifia. Karibu na kichwa chake ilikuwapo fimbo nene ya mchunga ng'ombe.

Mkaguzi Sikudhani wa idara ya upelelezi alifika saa moja na dakika tano, viatu vimejaa tope. Ifakara nzima ilikuwa tope wiki ile. Mto ulikuwa unapanda kila siku tangu Jumatatu, na mawingu yaliyoshuka kutoka milimani yalikuwa yamelalia paa za mji kiasi kwamba ilibidi amulike tochi mle ndani. Vyura walikuwa wakilia nyuma ya ukuta kama vile bado ni usiku.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Mama Restuta alikuwa na miaka sitini na saba, thelathini kati ya hiyo akiwa mpiga kinanda wa kanisa. Alisimama wima, ufagio bado mkononi. "Jana saa kumi na moja na robo jioni nilimwacha hapa mzima, anacheka."

"Alikuwa anafanya nini?"

"Anamalizia kazi yake ya onyesho la kesho. Ameiita 'Masika'. Ni ya kwaya, fidla na zeze, ina sehemu nne. Wageni wanatoka mpaka Dar."

Sikudhani aliinama. Simu ya marehemu ilikuwa mfukoni, pochi pia. Mlango haukuvunjwa. Juu ya meza na chini yake zilitapakaa karatasi za nota, nyingi zimelowa pembeni, na hakuna hata moja iliyoandikwa namba ya ukurasa.

"Aliyemuua hakuja kuiba, afande," alisema Konstebo Kasmiri.

"Au ameiba kitu ambacho sisi hatukijui. Mama, unaweza kunipangia hizi karatasi?"

Ilimchukua mama yule dakika arobaini, akisoma kila ukurasa kwa midomo. Mwishowe aliinua uso. "Sehemu ya nne haipo. Kurasa sita. Zilikuwa humuhumu, zimechanganyika na nyingine."

Sikudhani aliandika katika daftari lake: *Kurasa sita kati ya themanini na moja. Zimechaguliwa.* Kisha akapigia mstari neno la mwisho.

Daktari alisema Mwalimu alipigwa mara moja tu, kutokea nyuma, kati ya saa kumi na mbili jioni na saa mbili usiku wa Ijumaa. Saa hizo mvua ilikuwa inapiga mabati hata mtu wa nyumba ya pili asingesikia ukelele.

Fimbo ilijulikana mara moja. Ilikuwa ya Yoramu, Msukuma mfugaji aliyekuwa apige zeze katika onyesho. Kabla ya saa nne asubuhi vijana wa mtaa walikuwa wameshaanza kukusanyika wakisema wafugaji wamezoea, leo wataona. Sikudhani aliwawahi, akamchukua Yoramu na kumweka kituoni, zaidi kwa usalama wake.

"Alhamisi mlipandishiana sauti wewe na Mwalimu," alimwambia.

"Ni kweli, afande. Alinipa karatasi. Nikamwambia mimi karatasi sizijui, mimi napiga kwa sikio. Akacheka, akaniimbia mara mbili, nikashika. Yakaisha."

"Fimbo yako ilifikaje pale?"

"Niliiacha jana. Mvua ilishaanza, nikapanda bodaboda. Zeze nimelifunika na koti, fimbo ningeishika na mkono gani?" Alitazama mikono yake mikubwa. "Mzee yule ndiye mtu wa kwanza wa mji huu kunikaribisha kwake kwa chakula. Nimekuja bonde hili na ng'ombe wa baba yangu miaka kumi na nane iliyopita. Wa kwanza, afande."

Mwenye bodaboda alithibitisha: walitoka saa kumi na moja kamili, na maji yalipofunika barabara walikwama Kivukoni na watu wengine zaidi ya ishirini hadi saa tatu usiku. Yoramu aliwapigia zeze muda ukapita. Hata hivyo Sikudhani hakumwachia. Nje ya geti vijana walikuwa bado wamesimama mvuani, kimya, na kimya chao hakikumpendeza.

Saa nane mchana aliingia kituoni kijana wa miaka thelathini na mbili, begi la kinanda mgongoni, macho mekundu. Alikuwa Donati, mwanafunzi wa zamani wa Mwalimu, ambaye sasa anaishi Dar na anatengeneza muziki wa filamu.

"Nimefika sasa hivi," alisema. "Nimetoka Dar alfajiri na gari la rafiki. Ameniteremsha stendi, yeye ameendelea Malinyi. Mwalimu alinipigia juzi saa kumi jioni, akanialika kwenye onyesho. Ndiyo mara ya mwisho kumsikia."

"Ni simu tu? Hakukutumia nota?"

"Hapana. Sijui hata ukurasa mmoja wa hiyo 'Masika'. Angeniambia, ningekuja mapema kumsaidia."

Sikudhani alipiga namba ya rafiki huyo mara nne. Haikupatikana. Aliomba kumbukumbu za simu ya Donati kutoka kampuni ya simu, akajibiwa zitachukua wiki.

Jioni ile alikwenda dukani kwa Luqman, karibu na soko. Luqman aliuza vifaa vya umeme, akipiga picha za video za harusi, na miaka sita iliyopita alikuwa ametengeneza filamu yake pekee, *Mjane wa Mtoni*. Muziki wake aliutunga Hermenegildi. Katika simu ya marehemu ulikuwamo ujumbe wa Luqman wa Jumatano: *Ukiupiga muziki wa filamu yangu jukwaani utajuta kunifahamu.*

"Niliandika mimi," Luqman alikiri, akifunga mlango wa duka. "Nilisikia ameichukua tuni ya filamu akaiweka kwenye kazi ya kwaya. Nikaona ni kama mtu aniibie mtoto. Alhamisi akaja hapa na mkataba tulioandikiana. Umesema wazi: filamu ni yangu, muziki unabaki wake, anaweza kuutumia ukumbini apendavyo. Nikaona aibu. Jihan, mke wangu, akatuletea chai."

"Alisema kwa nini anaurudia muziki wa zamani?"

"Aliniambia, 'Luqman, kwenye filamu watu wamesikia dakika mbili, tena chini ya maneno ya waigizaji. Ule muziki ulikuwa unasimama mlangoni. Nataka nao uingie ndani ukae.'" Luqman alisukuma kando nyaya zilizokuwa mezani. "Kuna kitu kimoja alinilaumu miaka yote. Pale mjane anapovuka mto, niliona mtumbwi unachelewa kufika ukingoni. Nikakata sekunde mbili. Muziki ulikuwa tayari, ikabidi aukate naye. Mapigo mawili. Siku mbili hakuongea na mimi."

"Donati alikuwepo?"

"Donati alikuja mwishoni, kuingiza nota kwenye kompyuta. Alikuta tumeshakata."

Ijumaa jioni Luqman alikuwa Mang'ula kwenye harusi. Video yake, yenye saa katika kila picha, ilimwonyesha miongoni mwa wageni hadi saa tano.

Jumapili onyesho halikuwapo. Sikudhani alimkuta Mama Restuta peke yake chumbani kwa kwaya, kinanda kimefunikwa shuka.

"Mama, nieleze hiyo sehemu ya nne. Mimi sijui nota, nieleze kama unavyomweleza mtoto."

"Ni mahadhi ya mjane kuvuka mto. Kwenye filamu yanachechemea mahali pamoja, unahisi kama umekanyaga ngazi isiyokuwepo. Ijumaa alinipigia yote, alipofika pale akasimama. Akachukua kalamu nyekundu, akayarudisha mapigo mawili mbele ya macho yangu. Akapiga tena." Mama alifuta macho kwa pembe ya kitenge. "Ilikuwa sawa, mwanangu. Ilikuwa sawa kabisa."

"Wanakwaya waliiona?"

"Hakuna. Tulikuwa tumefundishwa sehemu tatu tu. Hata nakala hazijatolewa."

"Na juu ya ukurasa wa kwanza kuliandikwa chochote?"

"Kwamba mahadhi haya aliyatunga mwaka alipomzika mama yake, miaka mitatu kabla ya filamu. Alitaka kulisema hilo jukwaani."

Sikudhani alitoa simu, akamwonyesha video aliyoipata mtandaoni usiku uliopita. Donati ameketi kwenye kinanda, mtangazaji anamtambulisha kama mtunzi wa muziki wa tamthilia kubwa inayokuja, naye anasema, "Nitawapigia mahadhi yangu ya *Mjane wa Mtoni*, ndiyo yaliyonifungulia milango." Akapiga. Mama Restuta alisikiliza, kisha akaushika kwa nguvu ukingo wa kinanda.

"Anachechemea palepale," alinong'ona. "Hajui kama kuna kitu kilikatwa."

"Haya tuliyoongea, mama, asiyasikie hata paroko."

Jioni ile Sikudhani alimfuata Donati nyumba ya wageni. Alimwambia kwa upole kwamba mazishi ni Jumanne, kwaya inataka kuimba "Masika" kaburini, na sehemu ya nne imepotea. "Tunaambiwa ni mahadhi ya filamu, ya mjane kuvuka mto. Wewe unaujua mkono wa Mwalimu kuliko mtu yeyote. Utawaandikia?"

Donati aliomba karatasi na kalamu. "Nitaandika," alisema. "Ni haki yake."

Jumatatu saa tisa alasiri walikutana chumba cha kwaya: Mama Restuta kwenye kinanda, Luqman karibu na dirisha, Yoramu kwenye benchi na konstebo pembeni yake. Mvua ilikuwa imesimama, lakini radi ilikuwa inanguruma upande wa mto bila kupumzika. Donati aliegemeza begi lake la kinanda ukutani, akatoa kurasa tano, zimeandikwa kwa wino mweusi, safi.

"Tupigie, mama," alisema Sikudhani.

Alipiga polepole. Katikati ya ukurasa wa tatu mikono yake iliganda, ikarudi nyuma, ikapiga tena palepale. Kisha akaitoa kwenye kinanda na kuiweka mapajani.

"Yamo," alisema. "Yote mawili."

"Nini kimo?" aliuliza Donati.

"Luqman," Sikudhani aliita, "mwambie ulichokata miaka sita iliyopita."

Luqman alieleza. Alipofika kwenye sekunde mbili, Donati aliacha kumtazama.

"Wiki tatu zilizopita uliyapiga mahadhi haya kwenye runinga," Sikudhani aliendelea. "Yalichechemea, kama yanavyochechemea kwenye filamu, kwa sababu ndivyo ulivyoyakuta. Leo umeyaandika yakiwa mazima. Tangu filamu ikatwe, mapigo hayo mawili yameandikwa mara moja tu, Ijumaa saa kumi na moja jioni, kwa wino mwekundu, kwenye kurasa ambazo aliyemuua Mwalimu aliondoka nazo. Umeyapata wapi?"

"Mtunzi yeyote angesikia kwamba pana pengo."

"Kwa miaka sita hukusikia."

Donati alinyoosha mkono kuzichukua kurasa zake, Sikudhani akaziwahi.

"Ukadhani kwaya imeshafundishwa. Ukaogopa kwamba ukiandika kama ulivyozoea, watasema mbona si hivyo. Kwaya haijawahi kuiona sehemu hii, Donati. Luqman hasomi nota, Yoramu hasomi nota. Mtu aliyezichagua kurasa zile kutoka kwenye rundo lile anazisoma. Mama Restuta anazisoma, ila yeye alikuwa jikoni parokiani na akina mama kumi na wawili wakiwapikia wageni mpaka saa tatu. Konstebo, leta begi."

Kasmiri alilifungua begi la kinanda. Ndani ya bitana, upande wa chini, zilikuwamo karatasi sita zilizokunjwa mara mbili. Wekundu wa wino ulikuwa umevuja kidogo kwa unyevu.

Donati aliketi sakafuni pale pale alipokuwa amesimama.

"Nilifika Ijumaa saa kumi na mbili na nusu," alisema. "Alikuwa ameniambia kwenye simu atasema mbele ya watu wa Dar kwamba mahadhi ni yake. Hakuwa na hasira. Hilo ndilo lililoniuma. Alidhani nitafurahi. Nikamwomba ayaondoe, aweke mengine, anayo mengi. Akasema hawezi kumwondoa mama yake. Akanigeuzia mgongo ili anipigie, nisikie jinsi yalivyokuwa mwanzo. Akapiga." Alikitazama kinanda. "Nikajua kwamba miaka yote nimekuwa nikijisifia kitu kilichovunjika, na sikuwahi kujua kama kimevunjika. Fimbo ilikuwa pale."

"Kwa nini hukuzichoma?" aliuliza Mama Restuta. Ilikuwa mara ya kwanza kumsemesha siku ile.

"Niliwasha kiberiti mara tatu, mama."

Mama Restuta alikifunika kinanda kwa shuka. Yoramu alisimama, akamwomba Sikudhani ruhusa, akatoka nje. Jioni ile geti la kituo halikuwa na vijana tena.

Jumanne asubuhi, kabla ya misa ya mazishi, Mama Restuta alikuja ofisini kwa Sikudhani akiwa amevaa sare ya kwaya. Alitaka kurasa sita kwa saa mbili tu.

"Siwezi, mama. Ni kielelezo. Haziwezi kutoka kabatini hadi mahakama iseme."

"Na zile alizoandika yeye?"

"Nazo pia."

"Sawa. Hata ungenipa hizo, nisingezipiga." Alisimama kidogo mlangoni. "Mahakama itasema lini?"

"Mwaka, mama. Labda miwili."

Sikudhani alikwenda mazishini, akasimama nyuma kabisa, mtandio umelowa. Kaburi lilikuwa limejaa maji, na vijana waliyachota kwa ndoo huku wengine wakishikilia jeneza. Kwaya iliimba sehemu ya kwanza, ya pili na ya tatu. Kisha Mama Restuta akashusha mkono, na watu wakangoja, kwa kuwa kila mmoja alisikia kwamba haijaisha. Fidla zilibaki begani. Yoramu alilishika zeze lake bila kuligusa. Kilichosikika ni maji yakimwagwa kutoka kwenye ndoo, kisha koleo la kwanza la udongo.