Aliyeandika Bila Umeme

Umeme ulipokatika mchana ule, mashine zote za teleksi zilinyamaza isipokuwa ya Mauza. Feni zilisimama, taa zikazimika, na mashine ile ikaendelea kutoboa utepe wake wa karatasi taratibu, kama mtu anayemalizia neno lake. Kisha nayo ikatulia.

"Umeiona?" Mauza aliuliza.

"Umeme uliobakia ndani," alisema Filbert, fundi wa mitambo, kijana wa Newala asiyejua kuogopa kitu chenye skrubu.

Ofisi yao ilikuwa ghorofani, Mchafukoge, katika shirika la umma lililouza korosho nje. Ujumbe wa wanunuzi wa Bombay na London uliingia kwa waya, na mashine zikauhifadhi kwa matundu kwenye utepe mpaka upigwe chapa. Sasa tepe zilikuwa zimekatika na kumwagika sakafuni kama utumbo wa mbuzi, na bandarini meli ilikuwa ikingoja kuambiwa ipakie mzigo wa nani. Meneja alitaka ujumbe wote upatikane kabla ya ofisi kufungwa.

Umeme uliporudi waliketi chini bega kwa bega wakiunga vipande kwa gundi. Mauza alipapasa matundu kwa vidole, akajua kipi kinafuata kipi. Alikuwa na mimba changa. Mbili za kabla yake zilikuwa zimeharibika, na hii hakumwambia mtu ila mumewe. Alipoinama kuokota kipande cha mwisho, harufu ya udi ilimjia puani, nzito, kama ya chumba cha bi harusi.

Filbert alipachika utepe. Mashine ikachapa bei, ikachapa tani, ikachapa majina ya meli. Halafu, katikati ya Kiingereza cha biashara, ikachapa: MAUZA. MWAMBIE ASOGEE. AMEKAA KARIBU MNO.

Filbert alicheka kidogo. "Nani huyu mwenye wivu hivi, dada Mauza?"

Alinyoosha mkono kuuzuia utepe, na mashine ikamdaka kidole. Mauza alikimbilia ukutani akachomoa plagi, akageuka na waya mkononi, na bado herufi zilikuwa zikipiga karatasi moja baada ya nyingine, bila haraka, huku Filbert akiuma meno na damu yake ikitiririka juu ya vitufe: MTOTO WA KWANZA NILIMCHUKUA. WA PILI NILIMCHUKUA. HUYU SIJAAMUA.

Ndipo ikamwachia.

Mauza aliichana karatasi ile akaificha kifuani. Jioni, Muhiddin mumewe aliiona ilipodondoka Mauza akibadili nguo. Muhiddin alikuwa fundi cherehani wa Mtaa wa Kongo, mtu mpole kwa wateja, lakini kwa mkewe alikuwa na wivu usiolala. Alinusa kanga zake kila aliporudi kutoka kazini. Alimuuliza nani alimchekesha njiani.

Aliisoma karatasi mara mbili, na Mauza akamsimulia yaliyompata Filbert. "Huyu fundi wako anajuaje habari za mimba zetu?" aliuliza kwa sauti ya chini, kwani ukuta wa chumba chao ulikuwa mmoja na wa jirani.

"Hajui. Wallahi sijamwambia."

"Basi nani ameandika?"

"Mashine haikuwa na umeme, Muhiddin. Plagi nilikuwa nimeishika mimi."

Hakumwamini. Kesho yake hakugusa cherehani. Alisimama ng'ambo ya barabara akiangalia madirisha ya ofisi mpaka watu walipotoka. Na usiku huo harufu ya udi ikawafuata kitandani, na Mauza akahisi godoro likibonyea upande wake wa pili, ule usiokuwa na mtu. Alfajiri aliona damu kwenye shuka.

Muhiddin alipoiona damu, wivu ulimtoka usoni ikabaki hofu. Akampeleka Magomeni kwa Bi Sabaha, mama mtu mzima aliyejulikana kwa kuzungumza na majini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wanangu. Kaeni."

Alimnywesha Mauza kombe, maji yaliyooshea aya zilizoandikwa sahanini, akamfunika shuka jeupe, akafukiza ubani, akasoma. Mauza alitulia tu. Bi Sabaha alisoma tena, na tena, uso wake ukianza kukunjamana kama mtu anayebisha hodi nyumba isiyo yenyewe, mpaka nyuma yake, pale mlangoni alipokaa Muhiddin akishikilia viatu vya mkewe, viatu vikaanguka, na kutoka kinywani mwa Muhiddin ikaja sauti nene, tulivu, yenye adabu, ambayo Mauza hakuwahi kuisikia lakini mwili wake wote uliijua.

"Asalaam aleikum, bibi. Unamtafuta nani?"

"Wewe nani?"

"Mume wake."

"Mume wake ndiye uliyempanda."

"Huyu ndiye aliyenifungulia mlango. Kila alipomchungulia mkewe, nilichungulia naye. Kila alipomnusa, nilinusa naye. Tumempenda pamoja. Sasa nimechoka kugawana."

"Unataka nini?"

"Amwache. Akimwacha, mtoto ataishi."

Muhiddin alizinduka ametota jasho. Bi Sabaha alimweleza yote, neno kwa neno.

"Usimwamini," Mauza alinong'ona. "Majini ni waongo."

"Ni waongo, mwanangu," alisema Bi Sabaha. "Lakini damu unayo."

Muhiddin aliokota viatu, akapiga magoti, akamvisha mkewe kimoja kimoja. Kisha, bila kumtazama, akasema, "Mauza, nimekuacha. Talaka moja."

Damu ilikatika kabla hawajafika barabarani.

Mauza alirudi kwa mama yake. Alijifungua mtoto wa kike mwenye afya, akamwita Zeina. Udi haukusikika tena, wala godoro halikubonyea. Watu walisema Muhiddin amebadilika. Alimshonea Filbert shati, akampelekea mwenyewe ofisini, akamwomba radhi mbele ya watu. Arobaini ilipopita alituma wazee: anataka kuoa upya. Bi Sabaha alisema hana la kuzuia, maadamu moyo wa mwanamume umepona. Mauza alikubali. Alikuwa akimpenda tangu zamani, pamoja na wivu wake wote.

Siku aliyokuja kumwona mtoto ilikuwa baada ya alasiri. Mama alikuwa amekwenda kupanga foleni ya sukari, na nyumbani hapakuwa na mtu ila Mauza, na Zeina akinyonya. Alisikia hatua kwenye ngazi, akazijua, akafurahi. Akaweka kanga sawa kichwani.

"Hodi," alisema Muhiddin nje ya mlango.

Kabla Mauza hajafungua kinywa, kutoka chumba cha ndani, ambamo hapakuwa na kitu ila kitanda na mwanga wa jua, sauti nene na tulivu ikaitika kama ya mwenye nyumba aliyeamshwa usingizini:

"Nani mwenzangu?"

Zeina aliacha kunyonya, akageuza kichwa kuelekea chumbani.

Mauza alitaka kumwambia Muhiddin aondoke, akimbie, asiseme neno, lakini tayari alikuwa amekishika kitasa, tayari pumzi zake zimepanda, na sauti aliyouliza nayo ilikuwa ile ile ya zamani, ya wivu.

"Mauza. Uko na nani humo?"

Chumbani, mtu akacheka polepole, kwa furaha, kama aliyerudishiwa rafiki.