Kisahani cha Chuma Kilichonikosesha Ndoa

Wapenzi wasomaji, nina miaka arobaini na tisa, ni mjane, mzaliwa wa Lubumbashi. Naishi Berchem-Sainte-Agathe, hapa Brussels, na kazi yangu ni kutunza wazee majumbani. Ninayoyasimulia yananitia aibu hadi leo...

Mzee mmoja wa Laeken niliyemuuguza hadi mwisho aliniachia kisahani cha chuma cheusi, chenye tundu katikati na bata bukini wawili waliochongwa kwa kutobolewa. Ni kinga ya upanga wa kale wa Kijapani, ya kuzuia mkono usiteleze kwenye makali. Kilitengenezwa na mafundi gani? Mimi ningejulia wapi!

Deo ndiye aliyejua. Naye ni mjane, wa Bujumbura, anauza katika duka la vitu vya kale karibu na Porte de Namur. Ndoa tulikuwa tumeshaipanga. Alikaa nacho wiki nzima akikilinganisha na picha za vitabuni, kisha akanirudishia kimefungwa kitambaa.

"Maman Béa, hii ni ya mafundi wa Akasaka, kule Japani," aliniambia. "Mais usiisugue, hein! Hii kutu nyeusi ni ngozi yake."

Mimi nina shaka tangu utoto. Nilikuwa nachelewa kazini, sikukifungua. Nilikificha chini ya masufuria makuukuu, maana mwizi gani atapekua huko? Hata mama yangu, aliyekuja kutoka Lubumbashi kwa ajili ya arusi, sikumwambia.

Wiki mbili baadaye nikakifungua... Mungu wangu! Kinang'aa kama kijiko kipya! Hiki si changu, nimebadilishiwa! Nani mwingine alikishika? Wiki nzima ya nini kutazama picha? Na bosi wake, mbona alinichekea vile nilipopita dukani? Kikulacho ki nguoni mwako, nilijisemea.

Jumapili ile ndoa yetu ilikuwa itangazwe kanisani. Nilisimama mbele ya watu wote nikamwita mwizi. Deo alichukua koti lake akatoka.

Nyumbani mama akaniuliza nalia nini. Nikamwonyesha kisahani. Akacheka!

"Ah, ile kifuniko ya mbabula, jiko ya makaa? Ni miye niliisugua, mutoto wangu, na paille de fer, ile nyuzi ya chuma ya kusugulia masufuria. Ilikuwa na kutu mingi! Nikasema, bon, bibi-arusi hawezi kuwa na vyombo vichafu. Nikaifunga tena mu kitambaa yake."

Nilikimbia kwa Deo. Alikipokea pale mlangoni, akapitisha kidole kwenye ukingo, kisha kwenye shingo za bata.

"Ni ileile," akasema. "Hata bila ngozi yake nimeitambua. Lakini weye, Maman Béa, miaka sita tuko pamoja, na haukunitambua."

Akanirudishia kwa mikono miwili, akafunga mlango taratibu...

Ndugu zangu, shaka ikikushika, uliza kwanza nyumbani kwako. Uliza hata jikoni! Usimvue mtu nguo mbele za watu kwa jambo ulilolificha mwenyewe. Nawasihi, msipite nilipopita.

Kisahani nimekirudisha chini ya masufuria. Kutu imeanza kurudi, lakini ni nyekundu, si ile nyeusi.