Mfute Huyo Bibi Kwenye Picha

"Mfute huyo bibi. Halafu nitumie upya."

Hivyo tu! Hakuna "he, huyu nani?" wala "Mungu wangu!" Mfute...

Nilikuwa nimekaa kitandani, simu mkononi. Maana ile picha nilimtumia mteja wangu nikiogopa, jamani. Nyumba ambayo yeye mwenyewe aliniapia haina mtu, na mimi kwa macho yangu mawili sikuona mtu, kwenye picha kakaa bibi kizee! Kwenye kiti. Mikono juu ya magoti. Anaitazama kamera.

Na mwili wake unapitisha mwanga! Mgongo wa kiti unauona nyuma yake kama unatazama kupitia pazia.

Nikamwandikia: "Bosi, si ulisema hakuna mtu?"

"Hakuna."

"Sasa namfuta nani?"

Tiki za bluu, basi.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo, wageni wa ukurasa huu wasipotee.

Mwenzenu napiga picha mahame. Yale majumba makubwa ya zamani huko mashambani, wenyewe walihama au walikufa, mti umeota sebuleni, paa limekaa chini. Laiki mnanipa kwa maelfu, asanteni sana. Lakini kazi ni ya upweke, msione hivi! Naenda peke yangu. Nakula mkate wangu kwenye ngazi za watu nisiowajua. Narudi chumbani, hakuna hata wa kuniuliza umefikaje. Kuna siku sauti yangu naisikia kwa mara ya kwanza jioni, nikimwambia muuza duka "nipe maji."

Huyu mteja mimi nilimbatiza Bosi Haraka. Hata salamu kwake ni "nina haraka."

"Nyumba aliniachia baba. Naiuza. Mnunuzi anataka picha, na anataka nyumba tupu. Hataki kesi za kuhamisha watu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, bosi."

"Haya, nina haraka."

Akafungua grupu la watu watatu: yeye, mnunuzi na mimi. Ila picha nianze kumtumia yeye pembeni azipitishe.

Nikaenda. Nyasi zimenifika kiunoni. Paa upande mmoja limeporomoka, madirisha ya mbele yamepigwa mbao. Sikupiga hodi. Nani anapiga hodi kwenye hame?

Sebule ilikuwa giza tupu. Sasa hapa nisikilizeni. Kwenye giza kama lile, jicho la kamera nalifungua muda mrefu, dakika mbili hivi, likusanye mwanga kidogo kidogo. Kinachotembea mbele yake hakitokei. Kilichotulia ndicho kinachotokea. Na kwa sababu sakafu ni ya mbao mbovu, ukikohoa tu kamera inatikisika, mimi nikishabonyeza huwa natoka nje kabisa.

Kabla sijabonyeza, Bosi akapiga. Nikaweka spika, mikono imeshika stendi.

"Umeanza?"

"Ndiyo natega hapa sebuleni."

"Hiyo ndiyo picha muhimu. Mnunuzi ataanza na hiyo. Fanya haraka."

Nikabonyeza, nikatoka, nikakaa kwenye ngazi na mkate wangu. Nikarudi, nikafunga vitu vyangu, nikaondoka. Simpo.

Hadi nilipofika nyumbani nikafungua ile picha... nikamwona bibi.

Woga wa kwanza ulikuwa wa mizimu, nisiwadanganye. Lakini baada ya lile neno "mfute" nikakaa nikafikiri. Mtu ukimwonyesha mzimu sebuleni kwao atasema mfute? Si atapiga kelele? Huyu hakushtuka hata chembe. Huyu bibi anamjua!

Na kama ni mtu hai, mwenye damu yake, nikimfuta, mnunuzi analeta matingatinga kubomoa. Kwenye nyumba "tupu."

Kesho yake asubuhi nikarudi. Safari hii nikasimama mlangoni.

"Hodi!"

Nikaongeza sauti.

"Hodi jamani!"

"Karibu... leo umekumbuka adabu?"

Sauti ilitoka jikoni, nyuma kabisa, upande ambao paa bado lipo. Nikaenda. Chumba kimefagiwa, kitanda kimetandikwa, birika liko motoni. Na yeye huyo, mfupi, kakunja uso.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Chai yako ilipoa jana. Nimekupikia, nakuja nayo, mgeni kaondoka. Ndiyo malezi hayo?"

"Bibi nisamehe, sikujua kama kuna mtu."

"Hata hukuuliza."

Nikakaa. Nikamwonyesha picha kwenye simu. Akaisogeza mbali, akaisogeza karibu.

"Nimekonda."

"Bibi, uliingiaje? Mbao zile zinalia kila ukikanyaga!"

"Zinakulilia wewe. Mimi najua ipi inalia na ipi hailii. Nimeingia, nimekaa, sikupepesa macho. Ujanani kwangu mpiga picha alikuwa anakugombeza ukipepesa. Kamera ikalia ta! nikajua tayari, nikainuka kukuwekea chai."

Nikacheka. Kumbe alikaa sehemu tu ya zile dakika mbili, ndiyo maana mwanga ulimpita! Halafu kicheko kikanikauka, maana akaniuliza swali.

"Na mwanangu alipoiona amesemaje?"

"Mwanao?"

"Huyo uliyekuwa unaongea naye kwenye simu. Sauti yake nimeisikia nikiwa hapa hapa. Muda sijaisikia... imekuwa nzito. Anakula vizuri?"

MAMA YAKE! Yule mtu aliniambia nimfute mama yake mzazi!

Nilijaribu kudanganya. "Amesema... umependeza."

Akanitazama. "Mjukuu wangu, huyo nimemzaa mimi. Sema kweli."

Nikamwambia kweli. Yote, hadi matingatinga.

Hakulia. Alipangusa meza kwa kiganja, mahali ambapo hapakuwa na uchafu. Mimi ndiye nilikuwa nafuta machozi kama mjinga.

"Huyo mnunuzi picha ameshaipata?" akaniuliza.

"Bado."

"Mtumie. Mimi nikiwemo."

"Bibi, biashara itakufa!"

"Nimesema mtumie."

Nikatuma kwenye grupu, bila kufuta hata unywele. Nikaandika chini: "Huyu ni mama mwenye nyumba. Anaishi humu."

Haikuchukua muda. Mnunuzi akaandika: "Mlinihakikishia nyumba ni tupu. Mimi nimejitoa." Akatoka kwenye grupu.

Simu ikaita. Nikaiweka mbali na sikio.

"UMENIHARIBIA! Uko wapi?!"

"Niko hapa kwa mama yako."

"Usiondoke hapo! Nakuja! Nakuja sasa hivi, mtanitambua wote wawili!"

Akakata. Nikamgeukia bibi nikitegemea nimkute anatetemeka.

Bibi alikuwa anafagia!

Kafagia jikoni, kafagia varanda. Kaingia nyuma ya pazia, katoka na gauni jingine, hereni masikioni. Kashusha kikombe kutoka juu ya kabati, kakiosha, kakiosha tena.

"Bibi, huyu mtu anakuja na hasira! Twende kwa majirani!"

"Kwa nini? Si amesema anakuja?"

"Anakuja kugomba!"

"Agombe. Akija kugomba, si bado amekuja?"

Nikaweka begi la kamera chini.

"Unadhani niliingia kwenye picha nilinde nyumba?" akasema huku akipanga vikombe. "Nyumba gani hii, mvua inalala ndani kuliko mimi. Kila nikimwita ana kazi. Nikiumwa anatuma mtu wa dawa. Niliposikia ile picha ndiyo ya biashara, nikasema basi, nikiiharibu hii atakuja mwenyewe. Nyumba aichukue. Nilitaka nimwone."

Jamani... mimi napiga picha kuta zilizopasuka kila wiki, sijawahi kuona ufa kama ule.

Gari likafika likirusha vumbi. Mlango ukabamizwa. Bosi Haraka akaingia na funguo mkononi, jasho linamtoka, kidole kimeshanyooka kwangu.

"Wewe! Unajua umenipotezea nini wewe?!"

"Karibu baba," bibi akasema. "Kaa."

"Mama, sikai! Nina haraka!"

"Najua."

Akabaki amesimama. Nadhani hakuwa amejiandaa kwa zile hereni. Akatazama kitanda kile kidogo, ndoo ya kukinga maji ya mvua, akainua macho kwenye ule uwazi wa paa upande wa pili.

"Paa limeanguka lini?"

"Mwaka ule uliosema utakuja mwezi ujao."

Kidole kilishuka chenyewe.

"Kama ni saini yangu inatakiwa, leta niweke," bibi akasema. "Nitakwenda utakaponipeleka. Ila kwanza kunywa chai, nimeiweka sukari kama unavyopenda."

Lile jitu zima likakaa kwenye kigoda, magoti yanakaribia kidevu, likashika kikombe kwa mikono miwili. Bibi akamsogelea karibu, akawa anamtazama anavyomeza. Alikuwa anamtazama tu.

Mimi nikabeba kamera yangu nikatoka. Pale sikupiga picha. Mkiniuliza kwenye komenti nyumba iliuzwa au haikuuzwa, sijui, na simu yake sijawahi kupiga tena.

Ninachokijua ni hiki. Kuna wazazi huko wanaharibu vitu makusudi, wakijua kabisa utakuja umefura. Hasira yako wameipigia hesabu, wameona ni afadhali kuliko kimya chako. Usisubiri ufike hapo, ndugu yangu.

Jana mama yangu kapiga simu, eti taa ya sebuleni imekufa tena. Juzi tu nilimwekea mpya, na ilikuwa inawaka vizuri.

Nimeshafunga begi.