Karibu ya Kapita

Nyumba ya mzungu wa pamba pale Kasongo haikuwa na mtu ndani, na bado Subira kila asubuhi alipiga hodi kabla ya kuingia. Ndivyo alivyolelewa, angefanyaje? Mafundi walikuwa wamekwisha kutengeneza barza, paa na sakafu ya magazini, ghala ya pamba, wakaenda zao, wakamwachia yeye uchafu wote: maranda ya mbao, vipande vya matofali, chokaa iliyoganda madirishani. Mzungu alikuwa safarini kukagua mashamba, arudi Ijumaa.

Siku ya tatu akapiga hodi, akajibiwa.

"Karibu."

Sauti ilitoka magazini. Subira akaingia na ndoo yake. Hakuna mtu. Ila kwenye simenti mpya palikuwa na alama ya maji, ndefu kama mkeka wa mtu mmoja. Akaipangusa, ikarudi. Akamwaga majivu, akasugua kwa burosi mpaka magoti yakamuuma, ikarudi tena, na safari hii ikaja na harufu ya ugoro.

Ugoro wa Faradji! Mume wake, fundi wa simenti, aliyepotea wiki ileile sakafu hii ilipomwagwa. Zéphirin, kapita aliyewasimamia mafundi, ndiye aliyetangaza mji mzima kwamba Faradji amekimbilia machimbo ya dhahabu upande wa Kabambare na mwanamke wa Wamaza. Tangu hapo Subira alichekwa kisimani, na akamchukia mumewe bure.

"Pole pole, mama Nuru," sauti ikanong'ona chini ya burosi. "Unanisugua kifua."

Burosi ikamponyoka. "Faradji? Weye iko wapi?"

"Iko hapa. Zéphirin alinipandisha juu ya paa na mvua, nikaanguka, mugongo ukavunjika. Wenzangu walikuwa wamekwenda kula. Akaogopa mzungu atamufunga. Nilikuwa ningali napumua, mama Nuru, namuangalia, na yeye akamwaga simenti."

Subira akalia ameuma pindo la kikwembe, watu wasisikie. "Nikuvunjie hii sakafu?"

"Bado. Sikuoshwa, sikuswaliwa, mimi si mutu tena. Nataka mwili wa kukaa, na siingii mpaka mwenye mwili aseme karibu. Mulete tu kapita."

Hofu ikamwisha Subira. Kilichobaki ni hasira, na hasira ikamtuma mpaka nyumbani kwa kapita.

"Kapita, magazini iko maji. Mzungu anarudi kesho, atauliza nani alimwaga hii simenti."

Zéphirin alifika mbio, jua liko utosini. "Weye mwanamuke, hata kupangusa inakushinda?" Akachuchumaa juu ya alama, akaigusa kwa kidole, akanusa ugoro, akafuta kidole kwenye suruali.

"Hodi," mtu akasema.

Zéphirin akageuka mlangoni haraka, akavuta shati lake vizuri, na kama mtu yeyote aliyefundishwa adabu na mama yake akajibu bila kufikiri:

"Karibu!"

Mlangoni hapakuwa na mtu, na kabla hajafunga mdomo maji ya kijivu yakapanda kutoka sakafuni, yakamshika vidole, yakamfuata mkono, shingo, yakaingia puani na mdomoni, akataka kupiga kelele na kelele ikageuka kikohozi cha mtu mwingine, kikohozi cha ugoro ambacho Subira alilala akikisikia miaka tisa, na mikono ya Zéphirin mwenyewe ikaanza kuparua simenti, kucha zikang'oka, damu ikatoka, naye anaparua.

Kesho yake mzungu alimkuta hivyo, akikiri kosa lake kwa sauti ya Faradji. Sakafu ikavunjwa. Faradji akaoshwa, akaswaliwa, akazikwa na watu wake. Zéphirin akatiwa gerezani.

Ndugu zake wakamleta mwalimu Moustapha mle gerezani na ubani wake. Alimsomea Kurani siku tatu, akashindwa, akamwita Subira.

"Mama Nuru, mwambie mume wako atoke. Huyu mutu anakauka."

Subira akamtazama Zéphirin: amekaa wima, shingo haigeuki, midomo imepasuka.

"Mwalimu, mimi si mwenye nyumba. Aliyemkaribisha ndiye amwambie atoke."

Zéphirin akajitahidi kufungua mdomo. Vumbi la simenti likamwagika kifuani, na nyuma yake ikatoka sauti ya mgeni aliyeshiba.

"Ningali niko, mama Nuru."

Subira akaomba ufagio kwa mlinzi, akafagia lile vumbi mpaka nje, akaenda nyumbani kumpikia mwanawe Nuru.